Taarifa ya Ugonjwa Huanzia Nyumbani

Kila Jumatatu asubuhi, katika vituo vya afya vya sehemu zetu za mashariki, kutoka ukingo wa mto Nile hapa Jinja hadi miteremko ya mlima Elgon juu ya Mbale, kuna mtu aketiye mezani na kitabu cha wagonjwa mbele yake na karatasi moja kando. Anahesabu. Ni wagonjwa wangapi wa malaria waliofika tangu Jumatatu iliyopita hadi jana Jumapili, wangapi walioharisha damu, wangapi wa surua, wangapi walioumwa na mbwa, na kama yuko mtoto aliyelegea mguu au mkono kwa ghafla. Pale ambapo hakufika mgonjwa yeyote, haachi nafasi tupu, anaandika sifuri. Kisha hesabu hiyo hupelekwa kwa simu ya mkononi hadi wilayani na Wizara ya Afya, na huko Kampala, tangu mwaka 2013, kiko kituo maalumu cha kushughulikia dharura za afya ya umma, ambako hesabu za nchi nzima hutazamwa kwa pamoja.

Ndugu msomaji aliyepata kufundisha darasani ataelewa mara moja kwa nini sifuri huandikwa. Mwalimu anapoita majina ya watoto asubuhi, kunyamaza kwa mtoto si habari kamili. Huenda hayupo, huenda amelala, huenda jina lake limekosewa. Vivyo hivyo kituo kilichonyamaza Jumatatu hakituambii kwamba kijiji kizima ni wazima. Chatuambia tu kwamba hatujui. Lakini kituo kilichoandika sifuri kimesema neno.

Kazi hii yaitwa ufuatiliaji wa magonjwa. Ni kazi isiyo na ngoma wala sherehe, na walio wengi hudhani ni mali ya madaktari na wataalamu wa maabara peke yao. Juma hili napenda kueleza katika ukurasa huu wa nyumbani kwa nini sidhani hivyo. Karatasi ya Jumatatu, hata iandikwe kwa hati nzuri namna gani, yaweza kumhesabu tu yule aliyefika kituoni. Mgonjwa aliyelazwa chumba cha nyuma, akapewa maji ya mizizi, akafariki alfajiri na kuzikwa adhuhuri, hayumo katika karatasi hiyo. Anayejua habari zake ni mama aliyefua shuka zake.

Tuchukue mambo yaliyotokea karibu nasi. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola, ule unaotokana na virusi vya Sudan, umeingia tena nchini. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa hospitali kuu ya Mulago, naye alikuwa amefariki siku moja kabla ya tangazo hilo. Homa ilikuwa imemshika siku zipatazo tisa kabla ya kifo chake. Katika siku hizo alitafuta nafuu mahali pengi, kama ambavyo ye yote kati yetu angefanya: katika hospitali zaidi ya moja, miongoni mwao hospitali ya rufaa ya Mbale, na pia kwa mganga wa jadi. Mwishowe alirudishwa Mulago, na huko akakata roho.

Baada ya kifo chake, sampuli zilipimwa katika maabara tatu za nchi yetu wenyewe, nazo zote zikatoa jibu moja. Siku nne baada ya tangazo, tarehe 3 Februari, majaribio ya chanjo kwa watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa yalianza, jambo ambalo halikupata kufanyika kwa haraka namna hiyo mahali popote katika ugonjwa huu. Watu zaidi ya 500 waliandikwa majina na kutembelewa siku baada ya siku. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 26 Aprili 2025, waliougua walikuwa 14, kumi na wawili waliothibitishwa kwa maabara na wawili waliohesabiwa kwa dalili na ukaribu wao na wagonjwa. Waliofariki walikuwa 4. Kwa ugonjwa ambao hauna chanjo iliyokwisha idhinishwa, hesabu hiyo ni ndogo, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani.

Hata hivyo tuitazame hadithi hiyo mara ya pili, polepole. Tangu jibu la maabara lilipotoka, kila kitu kilikwenda mbio. Kabla ya jibu hilo, siku tisa zilipita, na mgonjwa alisafiri kutoka mkoa mmoja hadi mwingine huku akiwa na homa. Sisemi kwamba kuna aliyezembea. Ebola katika siku zake za mwanzo huonekana kama malaria au homa ya matumbo: kichwa kinauma, mwili unachoka, joto linapanda, tumbo linakataa chakula. Damu ambayo kila mtu huitaja haitoki kwa wagonjwa wote, na itokapo huwa siku zimekwenda. Kama muuguzi, mtu aliyesomea maradhi, hakutambulika mapema akiwa mikononi mwa wenzake, itakuwaje kwa mkulima wa kahawa kule mlimani ambaye kituo cha karibu ni mwendo wa nusu siku?

Wataalamu wamejiwekea kipimo, nacho kimekubaliwa na nchi yetu pia: siku 7 za kuutambua ugonjwa mpya tangu ulipozuka, siku 1 ya kutoa taarifa, na siku 7 za kukamilisha hatua za kwanza za kuuzuia. Siku 1 ile na siku 7 za mwisho ziko mikononi mwa serikali. Lakini zile siku 7 za mwanzo ziko nyumbani kwetu, jikoni na chumbani, kabla ya daktari yeyote kusikia neno.

Walio Sebei watakumbuka mwaka 2017. Katika wilaya ya Kween, juu kwenye mlima huu huu wa Elgon, ulizuka ugonjwa wa Marburg, ambao ni ndugu wa Ebola na ambao hukaa katika popo wa mapangoni. Watu watatu wa familia moja waliugua, na wote watatu walifariki. Wa kwanza alikuwa mwanamume aliyekuwa akiwinda karibu na mapango ya popo. Dada yake alimwuguza, akashiriki katika mazishi yake kwa mila, naye akafuata. Kaka yao mwingine akafuata tena. Kifo cha yule mwanamume hakikuzua swali. Ni cha dada ndicho kilichofanya watu wa afya washtuke, na Oktoba ya mwaka huo serikali ikatangaza. Ufuatiliaji ukavuka hata mpaka hadi Kenya, kwani watu wa Elgon hawaujui mpaka wanapokwenda kwa jamaa au sokoni. Ugonjwa ukaishia kwa watu wale watatu, ukatangazwa kwisha mwezi Desemba.

Nimefikiri mara nyingi habari za dada huyo. Alifanya kila jambo ambalo dada mwema hufundishwa kufanya katika sehemu zetu. Alikaa na mgonjwa, alimwosha, alimlaza vizuri katika safari ya mwisho. Angewezaje kujua? Laiti mtu mmoja angefika na kumwambia, "Mama, ngoja kidogo, homa ya ndugu yako si ya kawaida." Lakini mtu huyo angefikaje bila kuitwa?

Kuita huko ndiko kulikookoa wengi mahali pengine. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa kwa simu kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi, akaketi usiku na mafaili ya wagonjwa, akayasoma moja moja, akaona kwamba vifo vile vilivyoonekana kutawanyika vilikuwa vya namna moja. Akapeleka habari Kampala bila kusubiri. Wakati ule sampuli zililazimika kupelekwa Afrika ya Kusini ndipo jibu lipatikane. Watu 425 waliugua na 224 walifariki, naye daktari mwenyewe alifariki kwa ugonjwa huo huo tarehe 5 Desemba 2000. Hakuwa na darubini ya ajabu usiku ule. Alikuwa na mafaili yaliyoandikwa tarehe, na macho ya kuyasoma.

Miaka kumi na moja baadaye, mwezi Mei 2011, mtoto mmoja wa Luwero alifariki kwa Ebola. Safari hii jibu lilipatikana Entebbe, katika taasisi ya utafiti wa virusi ambayo imekuwapo tangu 1936, ilipoanzishwa kwa ajili ya homa ya manjano. Waliokaribiana naye walifuatiliwa, na hakuna mwingine aliyethibitishwa kuugua. Mgonjwa mmoja tu! Habari kama hiyo haikai sana katika kumbukumbu za watu, kwa kuwa hakuna aliyelia isipokuwa familia moja. Nami naona ndiyo habari kubwa kuliko zote, kwani kazi hii inapofanywa vyema matokeo yake ni mambo ambayo hayakutokea.

Sasa nije Jinja, na nije kwenye jambo zito zaidi, yaani hofu.

Mwaka 2022 Ebola ya Sudan ilianzia Mubende. Ilitangazwa tarehe 20 Septemba, lakini uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba watu walikuwa wamekwisha anza kufa tangu Agosti, na wako waliodhani ni sumu au uchawi. Ikaenea Kassanda, Kampala na kwingineko, na mwezi Novemba ikafika Jinja, ambapo mwanamume mmoja alifariki nyumbani na ugonjwa ukathibitishwa baada ya kifo chake. Jinja ikawa wilaya ya tisa na ya kwanza katika upande wetu wa mashariki. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao walifariki; mbali na hao walikuwapo 22 waliokufa kabla ya kupimwa. Wahudumu wa afya 19 waliugua, na 7 walipoteza maisha.

Siku zile za Novemba mjini Jinja watu waliogopa ugonjwa, na wengi waliogopa pia gari la wagonjwa. Walikuwa wamesikia habari za Mubende na Kassanda, ambako njia zilifungwa kutoka Oktoba hadi Desemba, maduka ya pombe na nyumba za ibada zikafungwa, na wenye bodaboda wakakosa riziki. Mtu alijiuliza: nikisema nina mgonjwa, je, mtaa wangu nao utafungwa?

Tusiwacheke wenye hofu hiyo. Busoga ina sababu zake za kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliipiga pwani ya ziwa letu pigo ambalo halijapata kusahauliwa. Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Howard Cook wa hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa kwanza. Mwaka 1903 alikuja Daktari David Bruce, naye akafanya jambo la akili sana: kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu na watu wa kawaida waliombwa wakamate nzi katika maeneo yao na kuwapeleka, na kila mahali nzi walikotoka pakatiwa alama kwenye ramani. Ramani ya mbung'o ilipowekwa karibu na ramani ya malale, zikafanana. Huo ulikuwa ufuatiliaji wa magonjwa hasa, na mikono iliyoufanya ilikuwa ya wanakijiji. Lakini wanakijiji hao walipata nini? Kuanzia mwaka 1906, chini ya utawala wa Hesketh Bell, watu wa kando ya ziwa waliamriwa kuhama. Waliacha nyumba, migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao. Kitabibu amri ile ilikuwa na maana, kwani iliwatenga watu na nzi, na watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa au walikaribia kufa. Lakini funzo lililobaki vijijini ni lingine: kwamba ukimwonyesha mzungu nzi wako, atachukua shamba lako.

Baada ya ugonjwa wa 2025 kwisha nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja nje ya mji wa Mbale. Tulipomaliza kueleza dalili na nambari za simu, mama mmoja auzaye ndizi na vitunguu barabarani aliinuka.

"Mwalimu," akasema, "tumesikia na tumeshukuru. Lakini nikipiga simu leo, watakuja na gari na yale mavazi yao meupe, na majirani wote watatazama. Ikiwa ni malaria tu, gari litaondoka. Mimi nitabaki na jina. Nani atanunua ndizi zangu?"

Mwenyekiti alitaka kumjibu kwamba afya ni bora kuliko biashara. Mzee mmoja aliyeketi karibu naye akamgusa mkono na kusema, "Mwache mwanangu, swali lake ni la haki." Nami nilikubaliana na mzee yule. Mama huyo hakuwa mjinga wa dalili; alizikariri zote. Alikuwa akipiga hesabu ya gharama ya taarifa, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yetu sisi tuliokuja na karatasi.

Kwa hiyo, kabla sijawageukia akina mama na akina baba, napenda kusema neno kwa wenzangu tulio katika utumishi wa umma. Tunapomwomba mtu atuletee habari za ugonjwa nyumbani mwake, tumekopa kitu kwake, na deni hulipwa. Kwanza, twende kwake kwa heshima. Si kila tetesi inahitaji king'ora. Mhudumu wa afya wa kijiji, yule tumwitaye VHT, aweza kutangulia kwa miguu, akabisha hodi kama jirani, akauliza. Wahudumu hao wamekuwapo nchini tangu mwaka 2001, wengi wao wakijitolea, na mara nyingi huaminika kuliko gari lolote. Pili, familia inayowekwa karantini kwa siku 21 lazima ile. Mtu hawezi kukaa ndani siku 21 kwa kula matangazo ya redio. Unga, maharage, sabuni na chumvi vifike siku ya kwanza, si ya kumi.

Tatu, nalo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: turudi na jibu. Jirani yangu mmoja alichukuliwa damu mtoto wake, akaambiwa asubiri. Alisubiri juma la kwanza, la pili, la tatu. Mtoto akapona, na jibu halikuja hata leo. Hapana shaka damu ile haikuwa na jambo la kutisha, na aliyeipima aliona hakuna haja ya kusumbuka. Lakini mtaani kila mtu aliiona ikichukuliwa, na hakuna aliyeona karatasi ikirudi kusema kwamba nyumba ile ni salama. Mwaka huu jirani huyo akiwa na mgonjwa mwingine, je, atapiga simu? Mwanafunzi aliyeandika mtihani na asirudishiwe alama hawezi kuandika mwingine kwa moyo.

Sasa yale ya nyumbani.

Mambo ya kutolea taarifa si mengi, wala hayahitaji elimu ya udaktari. Homa kali isiyoshuka ingawa mgonjwa amekwisha kunywa dawa za malaria kikamilifu, au ambaye kipimo kimesema hana malaria. Homa pamoja na kutoka damu puani, katika ufizi au katika haja. Kuhara maji mengi kama maji ya mchele, hasa wawili au watatu wakishikwa katika nyumba au kisima kimoja. Homa yenye vipele kwa mtoto, macho yakiwa mekundu. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla. Huyo taarifa yake haingoji hata kesho, kwani yaweza kuwa polio. Vifo viwili vinavyofuatana katika familia moja bila sababu ijulikanayo. Na msisahau wanyama: ng'ombe afaye ghafla huku damu ikimtoka asichinjwe wala kugawanywa nyama, kwani kimeta kimewahi kuwapata watu wa Kween kwa njia hiyo mwaka 2018. Habari hizi mpeni VHT wenu, au mwenyekiti, au kituo cha afya. Hakuna anayewadai jina la ugonjwa. Semeni mlichokiona.

Jambo la pili ni daftari. Kila nyumba ina daftari la zamani la mtoto wa shule lenye kurasa tupu mwishoni. Mtu akishikwa na homa, andika tarehe homa ilipoanza, alikuwa wapi siku zilizotangulia, amekunywa dawa gani na kutoka duka gani, na nani aliyekaa naye usiku. Nimewahi kumsikiliza mfuatiliaji akimwuliza mzee mmoja ni nani waliomsalimia marehemu Jumanne ya juma la nyuma. Nani akumbuke? Mtu aliyefiwa hukumbuka uso wa marehemu, hakumbuki Jumanne. Virusi vya Ebola huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kuonyesha dalili, na mtu asiye na dalili bado haambukizi. Kwa hiyo tarehe moja iliyoandikwa kwa kalamu yaweza kuamua nani atazamwe na nani aachwe aende sokoni kwake. Yule mama wa ndizi, kama ana daftari lenye tarehe, ana ushahidi kwamba hakukaa na mgonjwa. Daftari humlinda na jina baya pia.

Wakati mnaposubiri msaada, mlazeni mgonjwa peke yake ikiwezekana, awe na kikombe na sahani yake, na mtu mmoja tu ndiye amhudumie. Mpeni vinywaji kidogo kidogo mara nyingi. Matapishi, choo na damu ndivyo vyenye hatari. Msivishike kwa mikono mitupu, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Wala msimpakie mgonjwa kwenye bodaboda akibanwa katikati ya dereva na ndugu yake, kama tulivyozoea. Najua ndiyo njia iliyopo. Lakini kwa mgonjwa anayetapika au kutoka damu, watu wawili wanakuwa wamemkumbatia njia nzima. Pigeni simu kwanza mkaulize gari.

Akifariki, hapo ndipo pagumu. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi kuliko alivyokuwa navyo alipokuwa hai, na kule Kween tumeona mazishi yalivyozaa mazishi. Kwetu Bugisu na Busoga maiti haachwi peke yake; akina mama huketi kuizunguka usiku kucha, na wanaume huota moto nje. Hakuna asemaye moto uzimwe. Wakeshao wakeshe nje, nyimbo ziimbwe, sala zisomwe, ila mwili usiguswe wala kuoshwa mpaka wataalamu waje wachukue sampuli. Familia ina haki ya kuwapo kaburini, ya kuchagua mahali, na ya kutoa nguo au sanda iwekwe pamoja na marehemu. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Mbale na hata hapa Jinja, waulizeni mashehe wenu: kutayamamu badala ya josho kumekubaliwa katika hali kama hii. Na ikiwa jibu la maabara litasema hapakuwa na Ebola, basi familia iambiwe siku hiyo hiyo, na mwenyekiti alitangaze mbele ya kijiji kwa sauti ile ile iliyotangaza hatari.

Wako watakaouliza, kwa nini Wizara husubiri siku 42 kabla ya kusema ugonjwa umekwisha? Ni zile siku 21 mara mbili, zikihesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho alipotoka hatarini, ili kama yuko aliyefichika naye apate kuonekana. Mwaka 2025, mwishoni mwa Februari, wakati wagonjwa wanane walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani na watu wameanza kupumua, mtoto mdogo alifariki Mulago kwa ugonjwa huo huo, na hesabu ikalazimika kuanza upya. Kwa hiyo mtu wa afya akija kuwapima joto ingawa redio imekwisha kunyamaza, mkaribisheni kiti.

Nimepokea barua tatu zinazouliza kuhusu chanjo ya surua, na moja kutoka kwa baba wa Bugembe aliyetaka kujua kama mtoto aliyekwisha kuugua surua ahitaji kuchanjwa. Tutazijibu zote katika ukurasa huu juma lijalo. Wenye kadi za kliniki za watoto wao wazitafute tangu sasa na kuziweka karibu, kwani tutazisoma pamoja, mstari kwa mstari.